Unga wa Muhogo kwenye Matairi ya Mama Skola

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya kazini ni ule wa tairi likikaa kwenye rimu. Unajaza upepo, tairi linavimba kimya, sabuni inatoa mapovu pembeni, halafu ghafla: ta! Hapo mdomo wa upande mmoja umekaa. Mgeni anaruka akidhani limepasuka. Fundi haendi popote, anasubiri mlio wa pili. Mzee Idrisa, aliyenifundisha kazi, alikuwa anasema mlio wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na anayefunga upepo baada ya Kulwa peke yake amemwacha pacha tumboni. Siku aliponiuliza jina nikamwambia naitwa Kulwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi nusu ya kazi umeshaijua," akasema.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaobaki pale gereji ya Mabatini. Nimestaafu. Najua mnacheka. Nina miaka thelathini na moja, na mama mdogo anayeishi Pasiansi aliposikia neno hilo aliuliza, "Unastaafu nini wakati hata kuolewa bado?" Lakini miaka kumi na minne ya kubeba matairi ni miaka, hata kama niliianza nikiwa mtoto. Daktari alinishika kifundo cha mkono wa kulia, akakizungusha, kikalia kama kibiriti chenye njiti tatu. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikamwambia sikumbuki.

Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea.

Pale gereji sikufika kutafuta kazi. Nilifika na baiskeli ya mjomba, pancha gurudumu la nyuma, na wakati wanaiziba nikabaki nimeduwaa nikiangalia gurudumu la lori lililolala chini, mwanamume mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma akilizunguka na vyuma viwili kama mtu anayekula kwa vijiko. Huyo ndiye Mzee Idrisa. Baiskeli ikaisha, mimi sikuondoka. Kesho yake nikarudi bila baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pancha tena?"

"Hapana. Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia ni bure," akasema, akanipa brashi ya waya. "Ila unaangalia huku unasugua."

Nilisugua kutu ya rimu wiki mbili. Sitawadanganya kwamba niliipenda. Kutu inaingia puani, kwenye nywele, mpaka kwenye chai. Wiki ya tatu akaniambia nifumbe macho, nitie mkono mtupu ndani ya tairi na kupapasa kuzunguka lote, taratibu. Nikapapasa. Nikamwambia hamna kitu. Akasema rudia. Mara ya pili nikagusa ncha ndogo kama ya sindano: mwiba wa mgunga, umejificha ndani ya mpira, hauonekani kwa macho.

"Macho yana haraka," akasema. "Mkono hauna pa kwenda."

Hiyo shikeni. Wengi siku hizi wanamulika kwa simu na kuendelea. Simu haina ngozi.

Kitu kingine alichonifundisha ni poda. Pale juu ya rafu, mnalijua lile kopo la poda ya watoto ambalo wateja hulicheka na kuuliza kama kuna anayenyonyesha. Tyubu inapakwa poda kabla ya kuingia ndani ya tairi ili isiumane na mpira. Tairi likizunguka, viwili hivyo vinasuguana siku nzima. Bila poda vinapata moto, vinashikana, kisha kimoja kinamvuta mwenzake. Nilijua hilo kwa moyo. Kumbukeni kwamba nilijua.

Kasoro yangu kubwa ilikuwa kuota mchana. Kila tairi nililolifunga nilikuwa nalisindikiza kichwani. Lori la Bukoba, mimi nimo. Gari la mbegu la Shinyanga, mimi nimo, nimetoa kiwiko dirishani. Mzee Idrisa alinizoea. Akiniona nimesimama na spana mkononi anauliza, "Kulwa, umefika wapi?"

"Biharamulo, mzee."

"Geuza urudi. Hizo nati hujakaza."

Sasa nije kwa Mama Skola, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Mwaka wangu wa nne aliingia pale gereji mama mnene wa makamo, amejifunga kanga juu ya gauni, anaendesha mwenyewe gari kuukuu la porini lenye bodi ya bati lililopigwa nyundo mpaka limechoka. Alikuwa mkunga mstaafu. Anaishi ng'ambo, mbele ya Sengerema, kijiji ambacho kati yake na barabara ya hospitali pana mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi mbuga ile unaipita ukiimba. Mvua ikinyesha inakuwa gundi. Na yeye, kustaafu kwake, alikuwa anawavusha wajawazito kwenda hospitali kwa gari lile. Hakuna aliyemtuma.

Mwanawe aliyeko Dar alikuwa amemnunulia matairi mapana, yanang'aa, na rimu zake za kumeremeta. Zawadi ya kumheshimu mama. Gari lilikaa kama limevaa viatu vya mcheza mpira.

"Mzee Idrisa, nitolee haya makochi," akasema.

"Mama, haya ni mazuri."

"Ni mazuri kwa harusi. Kwenye mbuga yanaelea juu juu, yanajibebea matope, yanazunguka pale pale. Ng'ombe ana kwato nyembamba, mbona anavuka? Mimi nataka kitu cha kuzama mpaka kikute ugumu chini."

Nyuma ya gari alikuwa na matairi matano ya aina ile ya jeshi: marefu, membamba, meno makubwa yameachana kama vidole vya jembe. Na rimu zake tano za zamani, alizokuwa amezihifadhi ghalani chini ya magunia ya choroko. Alikuwa na haraka ya kuwahi kivuko, maana siku hizo daraja lilikuwa bado ni maneno tu. Na alitueleza kwa nini ana haraka. Kijijini kwake kulikuwa na binti anaitwa Rejina, mimba ya kwanza, na kipimo kimeonyesha mapacha. Hospitali wamesema asijifungulie nyumbani hata kidogo. Mvua zinakaribia.

"Bila gari hili," akasema, "ni mkokoteni wa ng'ombe. Na mtoto hangoji mkokoteni."

Ilikuwa Ijumaa. Mzee Idrisa alinisaidia kutoa makochi, tukasugua rimu, tukapapasa matairi, adhana ikalia. Akanawa akaenda msikitini, akaniachia kazi ya kuingiza tyubu. Nikachukua kopo la poda, nikalitikisa. Likatoa pumzi tu. Duka la mbele limefungwa, mwenyewe naye yuko msikitini. Mama Skola anaangalia saa. Na pembeni yangu, ndani ya mfuko, pana unga wa muhogo wa ugali wetu wa mchana.

Mnaona jinsi akili ya mtu anayeota inavyofanya kazi. Unga mweupe, laini, mkavu. Nikachota kidogo nikasugua kati ya vidole. Ukateleza kama poda, labda hata kuzidi. Nikajiona mvumbuzi kabisa. Nikapaka tyubu zote tano, zikawa nyeupe kama samaki waliokaa tayari kukaangwa. Nikaziingiza, valvu zote nikaziweka wima, sabuni, upepo. Ta! Ta! Mara tano. Hakuna Doto aliyebaki.

Mzee Idrisa aliporudi, gari lilishasimama kwa miguu yake mipya, limerefuka kama mtoto aliyerudi likizo. Akazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, akachungulia kama tairi linagusa bodi. Upande mmoja liligusa kidogo, akaongeza nati ya kizuizi cha usukani. Akamwambia Mama Skola akaze nati zote tena akifika nyumbani, na kwamba kipima mwendo sasa kitamdanganya kidogo, kitasema mwendo mdogo kuliko wa kweli, kwa sababu tairi ni refu. Kisha akanigeukia.

"Kulwa, umefunga kama mtu mzima."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie habari ya unga. Nikaufunga. Sifa ile ilikuwa tamu, nikasema nitamwambia kesho. Tena nani amesema unga ni kosa?

Mvua ikaanza wiki iliyofuata. Baada ya siku chache Mama Skola akapiga simu, Mzee Idrisa akaiweka kwenye spika, tukasikia wote.

"Matairi yako ni dawa!" anapiga kelele. "Nimevuka mbuga mara tatu! Ila kuna moja, baada ya kupita mtoni limelala ghafla. Valvu imeng'oka na shina lake. Nimeshaweka spea, niko salama, nilitaka tu ujue."

"Tyubu za siku hizi," akasema Mzee Idrisa. "Pole mama. Ukija mjini nitakuwekea nyingine."

"Haya. Rejina amebakiza wiki mbili hivi. Nikimpeleka nitapita kwako."

Simu ikakatika. Mzee Idrisa akarudi kwenye kazi yake. Lakini mimi kichwani nilikuwa nimeshafika mtoni kwake. Maji ya mto yameingia kupitia tundu la valvu. Unga na maji na moto wa tairi. Mtu yeyote wa kanda hii anajua hicho ni chakula gani. Kimeishika tyubu, tairi likateleza kidogo kwenye rimu, likaivuta tyubu, valvu ikabaki peke yake. Na yale manne mengine, pamoja na hiyo spea aliyoifurahia, yote nimeyapika mimi.

Hakuna aliyekuwa na habari. Hakuna aliyeniuliza. Kama ningenyamaza, lingekuwa kosa la tyubu za siku hizi.

Nilizunguka lile gurudumu nililokuwa nalifungua kama mara tatu bila kuligusa.

"Kulwa, umefika wapi?"

"Sengerema, mzee."

"Kuna nini Sengerema?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa naangalia viatu vyake. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Muhogo?"

"Muhogo, mzee."

"Zote tano?"

"Zote."

"Angalau ungechanganya na mtama," akasema, lakini hakucheka. Akaingia stoo, akatoka na tyubu mbili mpya, vyuma vya kufungulia, pampu ya mguu na kopo jipya la poda, akavitia kwenye gunia. "Wewe ndiye uliyepika, wewe nenda kaoshe sufuria. Nimpigie Mama Skola nimwambie, au utasema mwenyewe?"

"Nitasema mwenyewe."

"Lakini asilitembeze gari mpaka ufike. Hilo nitampigia mimi."

Nikavuka na kivuko asubuhi, nikapata gari la mizigo mpaka ukingo wa mbuga, na hapo dereva akasema mwisho wake ni hapo. Nikavua viatu, nikaweka gunia kichwani. Nilikuwa nimeiota safari ya ng'ambo miaka minne, na kwenye ndoto zangu zote hakuna hata moja iliyokuwa na matope mpaka magotini. Kila hatua mbuga inakushika mguu kama inauliza unakwenda wapi. Nikayaelewa yale matairi membamba kwa miguu yangu mwenyewe.

Mama Skola alinipokea uani, gari liko chini ya mwembe mdogo, lile gurudumu lililong'oka valvu limeegemezwa ukutani mwa jiko. Nikamwamkia, nikasema kabla sijapewa hata kigoda.

"Mama, zile tyubu sikuzipaka poda. Poda iliisha. Nilizipaka unga wa muhogo."

Akanitazama. Akalitazama gari.

"Kwa hiyo nimewavusha watu juu ya ugali."

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Nilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba juzi, humo ndani." Alisema polepole, na polepole ile iliniuma kuliko kofi. "Lingelala siku ile, mwanangu, wewe na mimi tusingekuwa tunaongea hivi."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaleta beseni la maji.

"Nawa uso. Machozi nayo ni maji, usiyatie kwenye huo unga. Jeki iko wapi?"

Tulifanya wawili. Jeki tuliiwekea ubao ili isizame. Gurudumu la kwanza nilipolifungua, harufu ilitoka ya pombe iliyochacha, na ndani kulikuwa na uji mzito uliogandana kwenye tyubu kama ukoko wa sufuria. Nikausugua, nikaosha, nikakausha kwa kanga kuukuu aliyonipa, nikapapasa, poda, nikafunga. La pili vilevile. La tatu tyubu ilikuwa imeshakwanguka karibu na valvu, imebakiza unene wa karatasi. Tulitazamana. Nikatoa tyubu mpya moja.

Ndipo akaja mama mkwe wake Rejina, anakimbia, kanga iko mkononi.

"Mayu Skola, yameanza!"

"Yameanza lini?"

"Tangu alfajiri, alikuwa anaficha!"

Wingu upande wa ziwa lilikuwa limeshakuwa jeusi. Gurudumu la nne lilikuwa bado limefungwa. Mama Skola hakunihimiza, aliingia ndani kufungasha vitu vyake. Sikumbuki nililifunguaje. Nakumbuka kupapasa tu, maana mkono ulitaka kwenda haraka nikaukataza. Mzunguko mzima. Hamna kitu. Poda. Tyubu. Pampu ya mguu, mguu unawaka moto. Ta! Nikaendelea kukanyaga. Mama mkwe anauliza, "Si limeshalia? Twende!" Mama Skola naye, kutoka mlangoni, akasema, "Mwache. Anamngoja wa pili." Ta!

Wakamlaza Rejina nyuma kwenye godoro. Hapakuwa na nafasi yangu, na gurudumu la akiba ndilo lile bovu. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na wakati wanampandisha alinishika bega akasema, "Dada, ahsante," na mimi nikamfungia mlango wa nyuma.

Watu wote wa jirani wakakimbia kwenda ukingoni kuangalia gari linavyovuka. Nami nikafuata. Liliingia mbugani polepole, yale matairi yakazama, yakazama, kisha yakakuta ugumu na gari likaanza kutembea kama ng'ombe, bila haraka, matope yanadondoka kwenye meno yake. Nitawaambia sasa hivi msije mkakosa usingizi: walizaliwa salama, wa kike wawili, jioni ile ile hospitalini. Majina yao mnayajua bila kuambiwa.

Lakini hayo niliyasikia kesho yake. Pale ukingoni mvua ilianza, watu wakatawanyika, na bibi mmoja akaniambia niende kwake nikale nilale, kazi yangu imekwisha. Nikasema nakuja.

Nikarudi uani kwa Mama Skola. Hakukuwa na mtu, kuku tu. Lile gurudumu lililong'oka valvu lilikuwa bado limeegemea ukuta wa jiko. Na yule mama akirudi, safari ijayo itamkuta na mvua hii, mbuga hii, bila akiba.

Nikaliburuta mpaka chini ya upenu, nikalilaza. Hili lilikuwa limekauka. Unga ulikuwa umekuwa saruji, mdomo wa tairi haukutaka kuachia rimu. Peke yako hakuna wa kushika chuma cha pili, kwa hiyo nilikikanyaga kwa goti na kingine nikakisukuma kwa mkono wa kulia, uzito wangu wote juu yake. Kitu kikalia ndani ya kifundo cha mkono. Nikakaa kidogo. Nikasukuma tena, tairi likaachia. Nikabandua unga kwa mwiko, nikaosha mara mbili, nikafumba macho nikapapasa kwa mkono wa kushoto. Poda iliyobaki nikaimwaga yote. Nikaingiza tyubu mpya ya mwisho, nikaweka valvu wima, nikasimama kwenye pampu.

Ta!

Nikaendelea kukanyaga, mvua inapiga bati, nikisubiri.

Ta!

Nikalisimamisha, nikaliegemeza ukutani pale pale lilipokuwa, nikanawa mikono.